Nimecheka na mtu wa mama

Shoga, uko? Nimejificha chooni hapa mahakamani.

Si unakijua kile chama kinachotetea haki za wahanga wa uhalifu? Niliwaambia sina cha kuwachangia ila mdomo na makalio. Wakasema basi njoo ukae na mama mmoja muuza vitambaa, aliyevamiwa dukani kwake, asisubiri kutoa ushahidi peke yake.

Mama akaitwa na wakili. Kwenye benchi nikabaki na kaka mmoja, kimya, kapendeza. Mimi na kiherehere changu: “Shemeji, hilo shati umeazima la harusi?” Akacheka, nikacheka, tukagongeana mikono.

Tukagongeana MIKONO, shoga.

Kugeuka, mama kasimama nyuma yangu. “Ndiye huyo aliyenivamia,” akasema. “Umecheka naye?”

Umecheka naye. Wala hakupaza sauti. Nikakimbilia huku.

Ngoja, kuna mtu anabisha.

Ni mama! Kasema: “Toka huko, wananiita. Kaa mbele nikutazame wewe, nisimtazame yeye. Na leo usinichekeshe.”

Naenda. Mkono nimeuosha kwa sabuni yote iliyokuwepo, bado nauona mchafu.