Kidogo kumi na tisa na hapana moja

Jumatano. Mvua imeanza saa saba mchana na bado inapiga mabati kama mtu anayemwaga mahindi juu yake. Umeme umeondoka tangu asubuhi. Simu yangu iko asilimia thelathini na moja, kwa hiyo nitaandika bila kupamba.

Nina aibu.

Neno hilo nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena. Wanaopita kwenye blogu hii wananijua kama mtu wa kulalamika. Mara ngapi nimeandika kwamba ofisini jina langu liko chini ya mstari, upande wa watu wa kulipwa kwa siku, na wenye licence ya chuo kikuu wako juu? Kwamba nilikomea diplôme d'État ya sekondari, nikauza unité za kupigia simu pale Nguba miaka sita, na Excel nikajifundisha mwenyewe kwenye cyber, bila tonton, mjomba wa kunishika mkono? Yote ni kweli. Leo hayanisaidii kitu.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni enquêteur. Nazunguka na fishi, karatasi ya maswali, nauliza watu, naandika namba. Mwaka huu ofisi yetu inatafuta jibu la swali moja: je, mtu aliyeumia moyo akikaa na wenzake kwenye kiduara, akiongea mara moja kwa wiki na mtu aliyefundishwa kusikiliza, anapona kweli? Ao muda peke yake ungemponyesha? Wanawake mia moja sitini na nane walipigiwa tombola. Nusu waliingia kwenye vikao mara moja. Nusu waliambiwa wangoje miezi minne, na atakayekuwa bado anaumwa ataitwa. Kisha tunawauliza wote maswali yale yale ishirini tuliyowauliza mwanzoni, na tunalinganisha.

Majibu ni manne: hapana, kidogo, mingi, mingi sana. Sifuri, moja, mbili, tatu. Namba zikijumlishwa, anayefika ishirini ni mgonjwa. Aliye chini ya ishirini tunaandika amepona.

Waulizaji wa awamu ya mwisho tulikuwa wawili, mimi na Furaha. Furaha ana licence ya saikolojia na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alimaliza watu wanne kwa siku. Mimi nilimaliza wanane. Siku kumi na nne: yeye hamsini na sita, mimi mia moja na kumi na wawili. Ofisini wakaniita Mashine. Nililipenda jina hilo. Nilikuwa nikitembea nalo kama koti jipya.

Sasa niseme mashine ilivyofanya kazi.

Swali la kwanza kwenye fishi linasomeka hivi: "Katika siku saba zilizopita, ugumu wa kupata usingizi umekusumbua kiasi gani?" Ni refu, ni la watu wa vitabu. Kwa mama wa kwanza kabisa nilisoma maswali matatu vile yalivyo. La nne nikalikata. Kufika jioni nilikuwa nimeyakata yote. "Usingizi, je?" "Chakula, je?" "Nguvu, je?" Mama anajibu neno moja, mimi naandika namba moja, tunasonga. Nilijiambia nawasaidia. Wana kazi zao, kwa nini niwachoshe?

Mwezi uliopita Dokta, mkubwa wa utafiti, alituonyesha matokeo ukutani. Walioongea walishuka kwa wastani wa alama kumi na saba. Waliongoja walishuka kumi na tano. Tofauti, mbili. Dokta alivua miwani akasema taratibu, labda kuongea hakuzidi kungoja.

Mimi nilicheka. Kutoka kiti cha nyuma nikasema, si niliwaambia? Mtu akipewa muda anapona mwenyewe. Baba yangu alikufa nikiwa na miaka kumi na minne, kesho yake niliamkia sokoni. Nani aliniweka kwenye kiduara?

Nilitaka iwe hivyo. Hapo ndipo pananiuma zaidi. Kama kuongea kunaponyesha kweli, basi mimi kuna kitu nilinyimwa. Kama hakuponyeshi, basi sikunyimwa chochote, nilikuwa tu na nguvu kuliko wengine. Namba zilinipa nilichotaka na mimi sikuzigeuza kuangalia nyuma yake.

Dokta hakuridhika. Akamwambia Furaha arudie fishi kumi, aziokote bila kuchagua. Ya kwanza ikawa ya mwanamke nitakayemwita hapa Maman Riziki. Siyo jina lake, wala sitataja mtaa wake. Mume wake alienda kwenye machimbo ya Shabunda. Habari yake ikarudi, yeye hapana. Mwanzoni Maman Riziki alikuwa na arobaini na tatu. Tombola ilimpeleka upande wa kungoja. Baada ya miezi minne mimi nilimpata na kumi na tisa: amepona. Juzi Furaha amempata na arobaini na moja.

Asubuhi ya leo nilimpandishia Furaha sauti mbele ya ofisi nzima. Nilimwambia, wewe unalia na watu, ndiyo maana namba zako zinapanda. Twende sote wawili, utaona.

Tukapanda. Ngazi za udongo, jua la kabla ya mvua. Maman Riziki alikuwa mlangoni anachambua lenga-lenga.

"Eh, Papa wa makaratasi," alisema. "Leo umeletwa na mulinzi?"

Furaha alicheka. Mimi sikukaa hata kwenye kiti alichonivutia. "Maman, usingizi, je?"

"Kidogo, Papa."

Nikamgeukia Furaha, uso mzima ukisema, unaona?

Furaha alichuchumaa karibu na beseni, akachukua majani akaanza kuchambua naye. "Maman, hiyo kidogo iko ya nini? Unasumbuka kidogo, ao unalala kidogo?"

Maman Riziki alituangalia kama watoto wa shule ya chekechea. "Nalala kidogo. Saa munane ya usiku niko macho, nahesabu misumari ya mabati. Papa ameniuliza usingizi, nimemujibu usingizi. Ukiniuliza chumvi iko, nikisema kidogo, si chumvi ndiyo kidogo?"

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekasirika:

"Mulisema miezi ine. Ikafika, ikapita. Jirani bakamuita, miye hapana. Nikasema, basi, karatasi imeona nimepona. Nyinyi ndio mumesoma. Hata mutoto wangu nilimuambia, maman amepona, batu ba karatasi beko naandika hivyo. Sasa nangoja aende ku masomo ndio nalia."

Mtu alikuwa anajificha kulia ili asiipinge fishi yangu.

Wakati wa kushuka Furaha aliniwekea mkono begani. Alisema inatokea, neno kidogo ni mtego, tutasahihisha hiyo moja. Alifikiri ni moja. Hakujua nilivyokuwa nauliza, kwa sababu hatukuwahi kwenda pamoja. Mimi ndiye nilikataa, nikisema atanichelewesha. Pale kwenye ngazi nilikuwa na nafasi ya kusema. Ngazi zile ni themanini na kitu. Nilizishuka zote nikijifanya nazihesabu.

Nilisema, "Sawa, tusahihishe."

Nyumbani nilitoa daftari langu la rafu, lile lenye maswali niliyoyafupisha kwa mkono wangu. Nikayapitia moja moja na peni nyekundu. Kati ya ishirini, kumi na moja nilikuwa nimeyageuza kichwa chini. Tena siyo kwa wanaoumwa tu. Wale waliokaa kwenye viduara, wakaanza kulala, nikiwauliza "Usingizi, je?" walinijibu "Mingi, Papa," na mimi nikaandika mbili. Mwingine aliniambia "Mingi sana" akicheka, nikampa tatu na sikuinua kichwa kuona kwamba anacheka.

Asiyelala nilimwandika amepona. Aliyelala nilimwandika mgonjwa. Mashine.

Nikafungua jedwali kwenye simu, nikafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya pale ofisini: nikatenganisha fishi za Furaha na zangu. Kwa Furaha, walioongea walishuka kumi na tisa, waliongoja walishuka tatu. Tatu tu. Kwangu mimi, walioongea kumi na sita, waliongoja ishirini na moja. Ukizichanganya, na zangu ni mara mbili ya zake, unapata ile tofauti ya mbili iliyomvua Dokta miwani.

Sisemi fishi hamsini na sita zinatosha kuapa. Lakini ni hamsini na sita zilizoulizwa vizuri. Zangu mia moja na kumi na mbili hazikuuliza kitu.

Kesho saa mbili asubuhi wanakuja wale wanaotoa pesa za vikao. Wataonyeshwa ile mbili. Wakiiamini, vikao vinafungwa, na waliongoja hawatapata zamu yao. Siyo Maman Riziki peke yake. Waliongoja walioangukia kwangu ni hamsini na sita. Arobaini na saba kati yao niliwaandika wamepona.

Nilikaa na daftari. Nilijipima kwa saa ya simu: swali refu, sekunde kumi na moja. Swali langu, sekunde tatu. Nane mara ishirini ni mia moja na sitini. Haifiki hata dakika tatu kwa mtu. Basi ule muda mwingine wote niliokuwa nikimshinda Furaha ulitoka wapi?

Jibu alinipa mke wangu bila kujua. Alikuwa anapanga masufuria chini ya mahali panapovuja. Nikamuuliza, "Umechoka?" Akasema, "Kidogo." Nikamuuliza, kidogo namna gani? Akasimama, sufuria mkononi.

"Leo umekula nini? Miaka tisa sijasikia swali la pili. Kwako mutu anajibu fupi juu ya wewe unauliza fupi."

Kisha akakaa, akaniambia amechokaje. Ilichukua karibu nusu saa. Kulikuwa na mambo ambayo yalipaswa kunifikia tangu mwaka jana. Sitayaandika hapa.

Alipoondoka nilirudi kwenye ukurasa wa Maman Riziki. Kilichobaki kunisumbua ni hesabu. Kidogo ishirini zingemfikisha ishirini, angebaki mgonjwa kwenye karatasi, angeitwa kama jirani yake. Lakini ana kidogo kumi na tisa na hapana moja. Sifuri moja ndiyo iliyomshusha chini ya mstari. Nikaitafuta ni ya swali gani.

Kwenye fishi: "Kukosa mtu wa kumwambia shida zako kumekusumbua kiasi gani?"

Kwenye daftari langu: "Mtu wa kumwambia shida?"

Alisema hapana.

Nikaandika sifuri, nikamshukuru, nikamfuata mama mwingine.

Simu imefika asilimia tisa. Mvua imepungua, mifereji ndiyo inaongea sasa. Nimejaribu kutafuta mtu wa kulaumu, kazi ninayoijua vizuri. Aliyeandika maswali marefu. Ofisi iliyoniweka chini ya mstari. Waliopiga makofi kwa sababu ya wanane kwa siku. Kila mmoja nimempa sehemu yake, na bado sehemu yangu haijapungua.

Nimemwandikia Furaha: "Siyo moja. Ni zote mia moja na kumi na mbili. Nilikata maswali. Daftari ninalo, kesho nakuja nalo saa moja na nusu, kabla wageni hawajafika. Nitamwambia Dokta mwenyewe. Waliongoja wasifutwe. Na kama watanikubali, nitapanda kuwauliza upya, wewe ukiwa pembeni unanisikiliza."

Nimetuma kabla sijasoma mara ya pili, maana najijua.

Ameona. Nilitegemea anikasirikie, nilishajiandaa, hata jibu langu nilikuwa nalo. Badala yake ameandika swali moja tu:

"Na wewe, uko sawa?"

Nimeanza kuandika "kidogo". Vidole vilienda vyenyewe. Nikaliangalia neno hilo kwenye kioo cha simu, nikalifuta herufi moja moja.

Nimeandika: "Hapana."

Naomba huyu asiniandikie sifuri.