Kivuli cha Upanga

Valencia, 12 Februari 1964

Kaka Blai,

Mama hajambo, ila baridi imeua machungwa yote ya mjomba. Barua hii inakuja kwa mkono, haipiti posta, kwa hiyo nasema.

Umeniandikia kutoka huko Toulouse, Ufaransa, kuuliza ni punda gani aliyeharibu katuni zako, hata shujaa wako anamtishia adui kwa ngumi tupu. Punda huyo ni mimi. Kampuni ninakofanya kazi inazichapa upya bila jina lako, na mimi ndiye ninayezikwangua kwa wembe na kupaka rangi nyeupe. Wewe ulikimbia. Mimi nilibaki na mama, na mama anakula.

Bosi wangu, Don Evaristo, hurudi kutoka kwa wakaguzi wa serikali na kurasa zilizojaa alama nyekundu.

"Remedios, futa upanga huu. Na sketi ya malkia ishuke."

"Sasa huyu aliyelala chini amekufa kwa nini, Don Evaristo? Mafua?"

"Futa tu, bibie, usiniletee balaa!"

Upanga wa wino unawatisha! Watu walewale waliomsimamisha baba ukutani wakampiga risasi, leo eti wanaogopa watoto wataona kisu!

Basi juzi niliufuta upanga wa jalada la mbele. Wakakagua, wakagonga muhuri. Kile kivuli chake ulichokichora ukutani, nyuma ya shujaa, sikukigusa, nao hawakukiona. Jumamosi kitakuwa kwenye kila kibanda cha magazeti Uhispania nzima.

Usiniite punda tena.

Dada yako,
Remedios