Aliyepakiwa Kwenye Pikipiki Yako Hakuwa Mimi

Baba Rajabu,

Assalaam aleikum wewe uliyetutangulia, pamoja na majirani zako wote huko makaburini kilimani kwenu. Sisi tuliobaki hapa Usagara wazima. Rajabu mzima, anakula, ila ndevu kaziachia kama zako, akiingia ghafla moyo unaniruka. Mkewe Mishi mzima na tumbo lake, anakusalimu sana, anasema akizaa wa kiume jina ni lako, wa kike tutatafuta. Shangazi yako Bi Kidawa yupo, alikuja kunikalia edani, na kwa wali anaokula sioni dalili ya kuondoka. Yule paka mwizi naye mzima. Na pikipiki yako, mke mwenzangu, haijambo, ila pumzi zimepungua, na hapo ndipo penye habari yangu.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili anaumwa. Presha. Mungu amponye, namwombea kila swala, sitaki afe. Lakini nawe unamjua. Akifika huko, hata hajakaa, atakutafuta akuambie mkeo kavunja eda yako, kaonekana barabarani mchana kweupe kapakiwa na mwanamume. Basi sikia kwangu kwanza. Hakuwa mimi, Baba Rajabu. Lilikuwa gunia la mpunga.

Ilikuwa hivi. Tangu ulipokwenda Amani kuwasalimu wazee wako, ukaugua, wakakuzika huko huko, mimi kaburi lako sijaliona. Nalisikia tu kwa watu. Huyu anasema liko chini ya mdalasini, yule anasema karibu na mfereji. Nikamwambia Rajabu, siku nitakayotoka eda, kabla ya sokoni, kabla ya lolote, unipeleke kwa baba yako. Na iwe kwa pikipiki yake, si kwa gari, maana aliniahidi miaka yote kunipandisha nayo huko kwao, akaishia kwenda nayo peke yake Horohoro na Ushongo. Wewe unajua kuwa ni kweli.

Rajabu akakuna kichwa. "Mama, vilima vile na wewe nyuma, haifiki." Nikamwuliza, kwani mimi nina nini? Akaanza kuipangusa taa ya pikipiki. Mtoto ana adabu.

Akaenda kwa Fundi Chande, akarudi macho yanawaka. Silinda ipanuliwe, itiwe pistoni kubwa. Kabureta kubwa. Ekzosi izibuliwe ipumue. Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni pikipiki au mgonjwa wa kupasuliwa? Anasema injini itakuwa na nguvu mpaka ayapite mabasi. Baba yake nimemkosa, sasa naye aende akashindane na mabasi?

Fundi naye, Mungu ambariki, akasema tusifungue injini kabla hatujaujua mzigo. Kwanza pikipiki ipande kilima cha njia ya Muheza na uzito wa mama, tuone inafia wapi. Mimi niko edani, sitoki. Basi Rajabu akafunga gunia zima la mpunga nyuma, limekaa wima, ndiyo mimi hiyo. Nilisema nusu inatosha. Hakunisikia.

Mvua ikaanza kunyunya. Ili mpunga usilowe akavuta nguo kwenye kamba akalifunika. Nguo gani? Nguo zangu nyeupe za eda! Juu mpaka chini. Kisha yeye akavaa koti lako la safari na helmeti yako nyeusi, huyoo.

Hebu fikiria mtaa unaona nini. Bi Mwanaisha alikuwa barazani, akapiga kelele, "Mama Rajabu! Mama Rajabu, wapi na eda ya watu?" Gunia halikujibu. Hilo ndilo lililomuudhi kabisa. "Hata salamu!"

Akaja hapa mbio na wanawake wawili, wamejishika viuno. Wakanikuta mkekani nachambua mchele. "Umerudi saa ngapi?" Bi Kidawa akaapa kwamba sijainuka tangu asubuhi ila kwenda msalani, lakini hawakumwamini kwa vile mdomo ulikuwa umejaa. Mara Rajabu huyo, anaisukuma pikipiki kwa mkono, imemzimikia kilimani, na "mimi" nimeinama pale nyuma, nimelowa chapachapa. Bi Mwanaisha akaifunua nguo. Akalitazama gunia. Akanitazama mimi. Akasema, "Mbona huyu mwembamba?"

Tulicheka, Baba Rajabu. Nilicheka mpaka nikaona haya, mjane mzima. Sikuwa nimecheka tangu uondoke. Halafu sijui ikawaje, nikalia, na Bi Mwanaisha akanishika mkono akalia nami. Lakini alipotoka hapa aliendelea kuisimulia ile ya mwanamume, kwa kuwa ni tamu zaidi. Na wapo walioliona koti na helmeti wakasema ni wewe, umerudi kunichukua. Hiyo sikuikanusha.

Fundi alipolisikia neno la Bi Mwanaisha akasema iongezwe nusu gunia. Sikumpenda siku ile. Alikuja kutoa ushauri, akasimama nje, nikasema naye nyuma ya pazia. Nikamwambia, fundi, mimi nataka nguvu, mbio sitaki. Hivyo vitu viwili vinauzwa mbalimbali? Akacheka sana, akasema vinauzwa. Injini isiguswe. Abadilishe tu sproketi ya nyuma, lile duara la meno linalovutwa na cheni, atie kubwa zaidi. Itapanda kama mbuzi ila kukimbia haitakimbia. Na kabureta ni ile ile, isafishwe, ina uchafu wako wa siku zote. Rajabu alinuna. "Mama, hata bajaji itanipita." Nikamwambia ikupite, baba, wewe uipungie mkono.

Jana imepanda kilima kile kile na gunia moja na nusu, haikuzima. Safari hii nililitoa turubai mwenyewe.

Sasa Rajabu bado anaitaja ile pistoni kubwa, eti baadaye. Njoo ndotoni umkataze, wewe anakusikia. Mimi nakuahidi, nikitoka eda nakuja, na udi wako, na mkate wa kumimina, watakula watoto wa huko. Ukisikia kitu kinapanda polepole, kelele nyingi kuliko mwendo, usishtuke, ni sisi. Utalitambua hilo koti. Nyuma yake, safari hii, ndiye mimi.

Lala salama, mume wangu. Nijibu upesi. Bi Mwanaisha leo kaanza kunywa uji, alhamdulillahi, kwa hiyo tuna nafasi kidogo, lakini usichelewe.

Mkeo, ambaye siku ile alikuwa mkekani,
Mama Rajabu