Mnazi Uliofungwa Ndani Kama Mwari

Baba Zuhura,

Natoa taarifa rasmi kwako, na kwa wote walio huko uliko: leo asubuhi, hapa Kisauni, ule mnazi wa sebuleni umetoa jani jipya. Wenye kofia wavue.

Unakumbuka ulivyotuangukia kule Likoni. Memsabu tuliyekuwa tukimtumikia alikuwa akienda Ulaya likizoni, akatukabidhi nyumba, mbwa, na ule mti mwembamba chunguni, pembeni mwa sebule. "Jua hapana. Maji kidogo. Mimi narudi, nataka ona yeye mzima." Ukaitika, "Ndiyo, memsabu," nami ninayekujua nikauona mdomo wako unavyocheza.

Gari lake halijafika feri, mti uko nje.

"Mnazi gani huu unafungiwa ndani kama mwari?" ulisema. "Mzungu ajua nini cha minazi?"

Babu yako alikuwa na shamba la minazi Mtongwe, nani angekufundisha? Ukauacha juani kutwa, ukafukua shinani, ukatia konzi nzima ya chumvi, kama inavyotiwa minazi yote ya kwenu. Wiki haijaisha, majani yakawa rangi ya chai.

"Unajivua gamba," ulisema. Lakini chakula ulikuwa ukikigusagusa tu.

Chumba chetu cha uani kilikuwa cha memsabu. Mpishi wa jirani alitolewa na mkeka wake kwa ajili ya birika lililovunjika, na birika halina uhai. Zuhura alikuwa hajaanza kutambaa. Kila meli ikipiga honi Kilindini, nilidhani ndiye memsabu amerudi. Tukaurudisha mti ndani, tukaumwagia maji ndoo kwa ndoo kuitoa ile chumvi, tukayapangusa majani kwa nepi ya mtoto, tukafunga madirisha ya upande wa jua. Tukawa tunanong'ona mbele yake kama tuko kwa mgonjwa.

"Uhuru ukija, vyote humu vitakuwa vyetu," ulisema siku moja.

"Na huu?"

"Huu nao."

"Basi tutarithi maiti."

Hukucheka. Ulinishika mkono, ukaung'ang'ania kama mtoto gizani. Wewe, uliyeua nyoka kwa kandambili! Wallahi, hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Sasa hofu ile imerudi, na wa kunishika mkono hayupo. Uhuru ulipokuja memsabu akaenda zake, tukarithi huu tu; tulipohamia huku uliubeba mwenyewe begani. Tangu tukuzike, nikimaliza kuswali alfajiri nauchungulia, nagusa udongo kwa kidole, napapasa ncha za majani. Naogopa ukifa huu, nitakuzika mara ya pili. Zuhura, aliyeng'oka meno ya mbele, hunicheka: "Mama, si mti tu?" Namtuma kikombe cha maji.

Pumzika, mume wangu. Kivuli kipo, maji kidogo yapo. Nami nikizidiwa na hofu, hukumbuka siku aliyorudi memsabu: sisi wawili tumesimama mlangoni, wewe umevaa kanzu ya Idi, tukingoja hukumu. Akaingia, akatundika kofia yake juu ya ule mti, akauliza mbwa yuko wapi.

Mkeo,
Mama Zuhura