Nyota, na Ile ya Pili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo tena watu wamejaa kwa duka ya Ruben kuangalia taa. Taa gani? Nyota. Inatokea jua ikizama, upande wa Congo, juu ya vilima. Inang'aa sana, hiyo sikatai. Ruben, yule wa kuchaji simu za watu, anawaonyesha video: eti watu wa dunia ingine wanakuja na sahani ya kuruka. Nikamuuliza, mutu atoke mbali vile akuje hapa kwetu Karambi kutafuta nini? Hata maji ya bomba hatuna.

Watu walicheka. Ruben akasema, "Mzee Thembo, wewe hata sahani ikupige kwa kichwa utasema ni avokado."

Nikamwambia mimi nililinda ndege ya vita wakati baba yake bado anakojoa kitanda. Nimelala chini ya bawa yake. Kitu ya juu ambayo mimi sijui, haiko.

Mwandiko yangu leo mbaya. Shule nilikaa kidogo, hii Kiswahili nilipewa na jeshi pamoja na viatu. Lakini akili iko.

Alhamisi, 6 Februari

Nimewamaliza.

Nilisimamisha fito mbili kwa uwanja, moja karibu, moja mbali. Nikalala chini, nikapima nyota katikati. Ikashuka polepole mpaka ikaingia nyuma ya kilima. Sawa na mwezi, sawa na jua. Kitu yenye dereva haiendi hivyo.

Nikaita mwanangu Mbusa aone na macho yake. Alilala kwa umande, akapima. "Ni kweli, Baba. Ni nyota." Mbusa ni mutu mzima, iko na bibi na mutoto, lakini nikisema anasikia. Si kama hawa wa siku hizi.

Wale wa maombi wanasema malaika. Wazee wa kule juu milimani wanasema mizimu ya mlima imechoka na sisi. Wote nimewaambia: kujeni mulale chini kwa fito yangu. Hakuna amekuja. Umande wanaogopa.

Jumapili, 9 Februari

Consolée, bibi ya Mbusa, amerudi misa na maneno. Huyu mwanamke ni wa Beni, kule Congo, vita ndiyo ilimleta kwetu. Anasema taa beko mbili. Ile kubwa ni nyota, anakubali. Lakini kuko ndogo, chini yake, haizami. Inasimama, inatembea, inasimama tena.

"Papa, ile ni avion. Haina mutu ndani. Kwetu tuliizoea. Inalia kama mashine ya kunyoa."

Nikacheka. Ndege bila mutu! Nani anashika usukani? Nikamwambia: jeshi inaweza kuficha mutu, inaweza kuficha maiti, lakini haiwezi kuficha makelele. Ndege ikipita hata figo inatetemeka. Mimi nilikaa uwanjani jioni yote, sikusikia kitu.

Akaangalia Mbusa. Mbusa akaangalia sahani yake ya mboga ya sombe.

"Papa, hata mimi nikikuita kutoka jikoni husikii."

Maskio yangu ni ya askari. Wanawake wa siku hizi wanaongea ndani ya pua.

Jumanne, 11 Februari

Kakao ya Consolée iko ng'ambo, upande wa Congo, shamba aliachiwa na wazazi yake. Imeiva, inaoza kwa miti. Mbusa anataka kuvuka mto Lhubiriha aende kuvuna na kukausha. Consolée hataki. Anasema ile taa ndogo inazunguka juu ya shamba zile zile, inatafuta waasi wa msituni, na kutoka juu haijui nani mwasi nani mulimaji.

Mbusa akaniuliza wakati wa kula. "Baba, wewe unaonaje?"

Nikamwambia ninavyoona. Nyota. Ya pili ni tochi ya wawindaji juu ya kilima, au ni wale wa Ruben wanarusha kitu ya kuchezea. Nikasema, mutu mwenye ndevu anaogopa nyota? Akae basi nyumbani, ashone nguo ya mutoto.

Alicheka kidogo. Consolée hakucheka. Aliondoa chakula, tulikuwa bado tunakula.

Jumatano, 12 Februari

Mbusa amevuka asubuhi. Panga, magunia, chumvi. Amesema atarudi kakao ikikauka.

Alhamisi, 13 Februari

Jioni. Nilikuwa nimekaa kwa kiti changu. Chai ilitikisika ndani ya kikombe, na ardhi ikanigusa chini ya miguu. Consolée akatoka mbio jikoni, mutoto kwa mgongo, anaangalia ng'ambo. Moshi kidogo.

Watu wanasema bomu. Mimi nasema radi. Au wanapasua mawe ya barabara.

"Radi bila wingu, Papa?"

Kuko radi ya hivyo. Nimeiona.

Ijumaa, 14 Februari

Mbusa hajapiga simu. Ng'ambo network ni mbaya.

Jumamosi, 15 Februari

Mama mmoja anayeuza samaki mpakani amepita hapa. Alikuja kwa Consolée, si kwangu, wakaongea nyuma ya nyumba na sauti ya chini. Nikaenda kusimama karibu, nikasema aongee mbele ya mwenye nyumba.

Amesema hivi. Mvua ya Jumatano mchana iliharibu kakao, ndiyo watu ng'ambo wakaanza kukausha na moto, chini ya mabati. Alhamisi jioni moto zilikuwa nyingi, kwa shamba nyingi. Kutoka juu, amesema, inaonekana kama kambi. Kibanda moja imeungua na waliokuwa ndani. Ni upande wa shamba ya Consolée. Hajui ni kibanda ya nani. Watu wamekimbia wote, hakuna wa kuangalia.

Nikamuuliza, wewe uliona ndege? Akasema hapana, alisikia tu. Basi, hujaona, nikamwambia.

Consolée aliniangalia mpaka nikaingia ndani.

Jumatatu, 17 Februari

Njia ya mtoni imefungwa na jeshi. Tulienda mimi na Consolée kuomba ruhusa, watu wanne tu wavuke waangalie kile kibanda. Kwa kizuizi ya jeshi kuko afande kijana. Nilimpigia saluti ya zamani, ile ya kweli. Alifurahi. Akasema, "Mzee, ulikuwa mwenzetu?" Nikamweleza kidogo, uwanja wa ndege na yote. Kiti ililetwa.

Akamwambia Consolée, "Haya. Jibu maswali. Ulisikia nini?"

"Nilisikia avion."

"Avion ndiyo nini?"

Consolée hakupata neno. Nikamsaidia. Nikasema, "Ndege, afande."

Afande akageuka kwa askari mmoja mwenye redio, akasema kitu, akanirudia na macho. Nikajibu, "Ndiyo, afande!" Askari hajibu polepole. Wakacheka wote wawili. Akasema, "Basi sawa, mama, hakuna shida." Akasema kama hakuna kitu imeanguka ng'ambo, hakuna sababu ya mutu kuvuka. Na atakayevuka bila ruhusa, wao hawatauliza ni nani.

Kwa njia ya kurudi Consolée alitembea mbele. Kwa daraja ya miti akasimama. Alikuja karibu na sikio yangu, ile ya kulia, akapaza sauti kama mutu anaita ng'ombe.

"Unajua alikuuliza nini?"

Nikasema najua.

"Aliuliza, ndege ya manyoya? Ile inakula mtama? Na wewe ukasema ndiyo."

Kwa lugha ya kwetu ndege ni ya chuma tu. Ile ya manyoya iko na jina yake ingine, hata mutoto anajua. Kiswahili ndiyo inachanganya, vitu viwili jina moja. Hiyo si kosa yangu. Mimi nilijibu swali.

Jumanne, 18 Februari

Ruben amekuja nyumbani. Hajawahi kukuja. Alisimama kwa mlango na kofia mkononi, akasema, "Pole, Mzee." Nikamwambia pole ya nini, hakuna mutu amekufa hapa. Akaketi tu. Ya sahani hakuongea hata moja. Nilingoja aongee nimpinge.

Afande ametuma mutu. Kesho kuna mkutano kwa uwanja ya kanisa, watu wa Karambi yote, kutuliza wasiwasi. Wanataka mimi ndiye nieleze taa ni nini. Wamesikia ya fito zangu. Gari itanichukua. Nitakaa mbele na wakubwa.

Koti nimeipiga brashi.

Jumatano, 19 Februari

Asubuhi. Naandika nimesimama, koti nimevaa.

Consolée hakulala. Nilimkuta amekaa kwa kizingiti. Aliniuliza nitasema nini huko. Nikasema nitasema ile nilipima: nyota. Ni kweli, na kila mutu anaweza kulala chini apime.

"Na ya pili?"

Nikamwambia sijaitwa kwa ajili ya ya pili.

Hakulia. Alisema polepole, mbele ya uso yangu, nione mdomo yake: "Papa, ukisema nyota mbele ya batu bote, hakuna atakayevuka kumutafuta Mbusa. Hata kuzika. Sema neno moja tu. Sema avion."

Nikamwambia, niliona na macho yangu nyota. Ndege sikuona. Sikusikia. Niseme uongo mbele ya wakubwa?

Akasimama. Alinipa mutoto, akavaa gamboti ya Mbusa, ile ya zamani ya shamba. Nikadhani anaenda jikoni.

Gari imefika, iko kule juu kwa barabara, inangoja. Ya rangi ya jeshi, safi. Na Consolée iko chini, kwa njia ya mtoni, amepita migomba ya mwisho, kile kitambaa chake ya njano naona vizuri. Macho yangu hayana shida. Nimeita jina yake mara nyingi. Hageuki. Labda sauti haifiki.

Mutoto kwa mkono wangu mdomo iko wazi, uso umejaa machozi. Dereva ametoka nje ya gari, ananipungia, mdomo wake unafunguka na kufunga. Sijui anasema nini.