Mguno Chini ya Kitanda cha Mavyaa

Bibi mshauri wa gazeti, baada ya salamu nyingi nakuomba unishike mkono, maana hapa Jomvu Kuu sina wa kumwambia, mume wangu Badawi yuko melini, nimebaki na mavyaa wangu, yaani mamake, na binti yangu Kuluthum, na nyumba hii, bibi, imeanza kuguna. Zamani shimo la choo lilipojaa, marehemu baba mkwe alilifunika kwa boriti na udongo kama wafanyavyo watu wote hapa, akachimba jengine, kisha akaongeza vyumba, na chumba cha mavyaa kikawa juu ya lile shimo la zamani. Sasa alasiri nyengine sakafu hutuna kidogo, maji ya kikombeni yakatikisika, halafu chini ya kitanda husikika mtu akisafisha koo, wallahi nimesikia mwenyewe, na mavyaa huitika, "Abee, bwana," akafukiza udi, akamweleza habari za mchana kutwa, kwani anasema ni mumewe.

Visima vinanuka na watoto wanaharisha, basi mtaa umekubaliana mashimo yote ya zamani yafunguliwe, yasafishwe, yajazwe mawe, na mabomba yapeleke maji machafu kwenye tangi moja kubwa mbali na visima. Bwana afya ameshapima, na bomba lazima lipite kwetu ama nyumba za nyuma zikose. Bwana Kefa wa kamati alikuja kwa adabu, mavyaa akamwambia, "Mwanangu, wewe mtu wa bara, hujui. Nani humfukua mumewe?" Nami naogopa kukosa radhi zake. Wiki hii amemchukua Kuluthum alale kwake, na jana sakafu ilipoguna, aliyeitika kwanza ni mtoto. Nifanyeje?

Zubeida

Zubeida, pole sana, lakini pia umenikasirisha. Mtoto wa pwani wewe, hujaona kwamba mguno huja siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukijaa? Bahari ikijaa sana, maji hupenya katika jiwe letu lenye matundu, yakainua uchafu wa shimoni, na hewa ikatafuta pa kutokea. Bahari ikipwa, uchafu huo huingia visimani, nanyi mkaunywa. Na boriti za marehemu zimeoza. Sakafu inayotuna leo, kesho itatumbukia.

Mavyaa usimwambie ana wazimu. Ana upweke, na nyinyi mmemwacha azungumze na sakafu. Mwambie kwa upole kwamba mumewe alioshwa, akasaliwa, akazikwa akielekezwa kibla, na mtu mwema haachwi katika shimo la choo. Mpeleke kaburini akamsomee Yasini. Kisha mwite Bwana Kefa pamoja na wazee wa msikiti, bomba lipite, na chumba kile kivunjwe. Badawi ataambiwa akirudi, na akinuna, anune.

Kama kuna kitu chengine huko chini, mimi sijui, wala sitaki kujua. Aliye hai hana kazi juu ya shimo.

Hayo yote yaweza kungoja kesho. Mwezi unakaribia kujaa. Weka gazeti chini, kamtoe mtoto.