Betri Iliyojaa Ikashindwa Kuwasha Jenereta

Mpendwa Mwende,

Huku Kileleshwa hatujambo. Goti la babu yako limepona. Umeniuliza mchague aina gani ya betri za nikeli-kadimiamu, zile za kuchajiwa tena, kiwandani kwenu.

Nilipokuwa fundi kijana katika jengo moja Upper Hill, stima ilipotea, mama mjamzito akakwama ndani ya lifti. Jenereta ya dharura ilikataa kuwaka, ingawa betri zake, za nikeli-kadimiamu pia, zilikuwa mpya na zimejaa. Tuliishusha lifti kwa mkono, akatoka salama, lakini swali halikuniacha.

"Mbona zimeshindwa?" nilimuuliza Mutua, mkubwa wangu.

"Hizo ni za taa," akasema. "Hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Jenereta hutaka mwingi kwa mpigo mmoja ndipo iwake."

Basi, kabla hamjachagua, niambie: zenu zitawasha nini? Natamani sana kujua.

Nyanya yako,
Kalondu